Jinsi ya kuvuta intaneti ya nyumbani mpaka kwa ndugu yako bonde la pili kwa redio mbili tu

Wadau, leo niandike hii kitu yote sehemu moja maana nimeshaulizwa mpaka nimechoka kurekodi voisi noti. Swali ni lile lile kila siku: nina intaneti nzuri nyumbani, dada yangu au duka langu liko mtaa mwingine, nawezaje kumfikishia bila kuchimba mtaro wala kuning'iniza waya juu ya mapaa ya watu. Inawezekana. Unachukua redio mbili za waifai za nje, moja unaifunga kwako moja kwake, zinaangaliana uso kwa uso, na kompyuta za huko zinaona kabisa kama zimechomekwa waya kwenye rauta yako. Mimi nimefanya kutoka nyumbani Kimara Korogwe mpaka kwa dada Bonyokwa, kilomita 2 na vichenji ukipima mstari ulionyooka, na ile kitu inapiga kazi mpaka leo.

Ila nakwambia mapema usije ukanilaumu. Redio yenyewe ndo sehemu rahisi. Mimi kuset redio zote mbili mezani nilitumia dakika 40, halafu nikapoteza wiki tatu nagombana na mwembe. Kwahiyo huu mwongozo utaona sehemu ya kubonyeza bonyeza ni fupi na sehemu ya nguzo na miti ni ndefu, ndo uhalisia wenyewe ulivyo.

Hatua ya kwanza: angalia njia kabla hujatoa hata mia

Panda juu ya paa la kwako uangalie kule unakotaka kwenda. Unapaona? Sio "napajua ni upande ule", namaanisha unaliona bati lenyewe kwa macho. Kama huna uhakika, mwambie mtu wa upande wa pili apande na kioo cha kunyolea mchana wa jua kali akumulike, kioo kidogo tu kinawaka kama nyota hata ukiwa kilomita kadhaa. Sisi tulifanya hivyo na shemeji, akamulika weee mimi sioni kitu, nikadhani anamulika pembeni kumbe kati yetu kuna mwembe umesimama katikati ya bonde na kichwa chake kiko sawa sawa na mstari wetu.

Ukiwa na kompyuta fungua Google Earth Pro, chora mstari toka kwako mpaka kwake kisha itake ikuonyeshe mwinuko wa ardhi kwenye huo mstari. Hapo utajua kama kuna kilima kinakukatiza, na Dar huku kwetu Kimara, Mbezi, Goba, Kinyerezi ni milima na mabonde tupu kwahiyo usipuuzie. Lakini ile picha inaonyesha udongo, haikuonyeshi minazi wala ghorofa la jirani lililoanza kujengwa mwezi uliopita. Macho yako ndo ya mwisho.

Sasa kuna kitu watu wengi hawakijui na ndo kinawatesa. Njia ya redio sio uzi. Ni kama muhogo, mwembamba huku na huku mnene katikati. Kwa umbali wa kilomita 2 kwenye masafa ya 5.8GHz, pale katikati unene wake kutoka kwenye mstari kwenda juu, chini na pembeni ni kama mita 5. Sio lazima wote uwe wazi, ila angalau asilimia 60 lazima iwe safi, yaani mita 3 hivi kuzunguka mstari wako pasiwe na kitu. Ukitumia 2.4GHz muhogo unanenepa zaidi, unafika karibu mita 8. Kwahiyo mtu anakwambia "mbona naona kabisa kwa macho lakini signo mbovu", ukienda unakuta kweli anaona, ila anaona kwa kupenya juu ya majani ya mti. Macho yamepita, muhogo umekwama.

Na majani ni adui mbaya kuliko unavyodhani kwa sababu yana maji. Kiangazi unaweza ukafunga ikashika shika, masika ikiingia Machi majani yameloa kila kitu kinalala, unaanza kulaumu kifaa.

Mwembe wetu ulikuwa wa bibi mmoja huko bondeni. Nikamfuata na heshima zote, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamweleza naomba tupunguze matawi ya juu kidogo nitalipia fundi. Akanitazama akasema, "Huo mwembe ndo unanisomeshea wajukuu, we unataka kuukata ili watu waangalie simu?" Nikaomba radhi nikaondoka. Tukarefusha nguzo pande zote mbili. Kwa kanuni ya kawaida, kama kizuizi kiko katikati kabisa, ukiongeza mita 2 kwako na mita 2 kwake mstari wote unapanda mita 2, ukiongeza upande mmoja tu pale katikati unapanda mita 1. Ndo maana usiahidi mtu kitu kabla hujajua nguzo itakuwa ndefu kiasi gani.

Ili ujue kwamba njia ndo kila kitu, mwaka 2007 huko Venezuela Ermanno Pietrosemoli na wenzake walirusha waifai kilomita 382, waifai hii hii ya rauta za kawaida, waliifungia kwenye dishi kubwa na kubadilisha programu ndani. Siri yao ilikuwa mlima kwa mlima, katikati hakuna kitu. Mimi kilomita 2 nimesimamishwa na embe dodo.

Hatua ya pili: kununua

Hapa Dar ni Kariakoo, Aggrey na mitaa ya pale karibu, unakuta za TP-Link aina ya CPE na za Ubiquiti, mpya na zilizotumika. Usichukue ile yenye fimbo inayotawanya signo pande zote, hiyo ni ya kugawia waifai uwanjani. Wewe unataka yenye uso, inayomulika mbele kama tochi.

Nunua mbili zinazofanana, kampuni moja modo moja. Waifai ya kawaida inaelewana kwa kampuni zote, lakini hizi redio zina lugha yao ya ndani ya kugawana zamu, Ubiquiti wanaiita airMAX na TP-Link wana MAXtream, na hizo mbili haziongei. Ukichanganya itabidi uizime hiyo lugha na unapoteza sehemu ya uzuri wake.

Kuhusu 2.4 au 5GHz, chagua 5 usiulize. 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana, namba 1, 6 na 11, na uswahilini kwetu kila nyumba ina rauta au simu inarusha hotispoti hapo hapo. Ni kama kuongea Kariakoo Jumamosi.

Sasa piga hesabu kidogo kabla hujalipia, usiogope ni kujumlisha na kutoa. Nguvu ya redio ni desibeli 20 (desibeli ndo kipimo cha nguvu ya signo), antena ya kwako 16, antena ya kwake 16, jumla 52. Hewa ya kilomita 2 kwenye 5.8GHz inakula desibeli 114. 52 ukitoa 114 unabaki na hasi 62. Hiyo namba ya hasi 62 iandike kwenye karatasi utaihitaji juu ya bati. Ukipata kati ya hasi 50 na hasi 65 wewe ni mfalme, hasi 70 inaenda lakini inalegea, hasi 80 usihangaike. Umbali ukizidi mara mbili toa 6 nyingine. Kwahiyo kwa kilomita 4 vifaa hivyo hivyo vinakupa hasi 68, hapo ndo unaanza kufikiria zenye dishi dogo za antena 23.

Za mtumba sio mbaya, zangu zote mbili ni za mtumba. Ila usitoke dukani bila kuziona zinawaka, zimerisetiwa, na kila moja ina kile kibox chake cha umeme. Kile kibox kinapeleka umeme wa volti 24 kwenye waya huo huo wa netiweki, kinasukuma tu bila kuuliza kimechomekwa wapi. Kina matundu mawili, moja la kwenda kwenye redio na moja la kwenda kwenye rauta. Ukikosea ukaingiza lile la umeme kwenye laptopu unaweza ukaunguza tundu la laptopu. Mimi nimebandika tepu nyekundu kwenye tundu la redio na kila anayeishi humu ndani anajua asiguse.

Waya nao una utapeli wake. Chukua wa nje, ganda jeusi nene, Cat5e inatosha. Kwangua kidogo kwa kisu kile kinyuzi cha ndani, kama ni shaba itakuwa nyekundu nyekundu mpaka ndani, kama ukikwangua inakuwa nyeupe hiyo ni aluminiamu imepakwa rangi ya shaba, ni rahisi lakini ikipeleka umeme mita 30 inachoka na ikikunjwa inakatika. Urefu wote usizidi mita 100.

Watakuuliza pia kuhusu antena za kopo. Ndio zinafanya kazi, nilitengeneza moja nilipokuwa chuo. Kwa 2.4GHz unatafuta kopo lenye kipenyo cha kama milimita 85, urefu kama sentimita 17, unatoboa milimita 57 kutoka kwenye kitako, unaingiza kipande cha shaba cha milimita 31. Ni somo zuri sana na kwa mtaa mmoja inatosha. Lakini kwa kitu ambacho dada ataniita kila kikizima, hapana, mvua ya kwanza tu kopo ni kutu. Dishi la king'amuzi lililokufa ndo lina maana zaidi, unaondoa lile jicho na kufunga redio ndogo mahali pake ikiangalia ndani ya dishi. Kumbuka tu yale madishi yametengenezwa yakiwa yamesimama wima yawe yanaangalia juu angani, kwahiyo ukitaka liangalie kwa jirani itabidi uliinamishe mpaka uone kama linaangalia chini, na watu watakucheka. Waache.

Hatua ya tatu: maliza kila kitu mezani

Nasisitiza mezani. Mtu anayeset redio akiwa juu ya bati saa saba mchana anajitakia.

Redio mpya za Ubiquiti zote zinakuja na anwani (IP) 192.168.1.20, za TP-Link za Pharos zinakuja na 192.168.0.254. Maana yake ukiziwasha zote mbili pamoja zinagongana, kwahiyo washa moja, ibadilishe, zima, washa ya pili. Laptopu ipe anwani ya mkono, mfano 192.168.1.50 (kwa TP-Link anza na 192.168.0.50), barakoa yaani subnet mask 255.255.255.0, halafu fungua brauza uandike anwani ya redio.

Mimi nilipanga hivi, rauta ya nyumbani 192.168.1.1, redio ya Kimara 192.168.1.2, redio ya Bonyokwa 192.168.1.3, rauta ya dada 192.168.1.4. Iandike nyuma ya kibox kwa maka peni, utanishukuru baada ya mwaka mmoja ukiwa umesahau.

Redio ya kwako unaiweka iwe Access Point, yaani inayorusha, ya kwake Station, yaani inayojiunga, na zote mbili upande wa netiweki ziwe Bridge, yaani zipitishe tu kila kitu bila kujifanya rauta. Jina la mtandao lolote, usalama WPA2 na nywila ndefu ya maana. Nywila ya kuingilia kwenye redio yenyewe nayo badilisha, ile iliyokuja nayo kila mtu duniani anaijua.

Nchi chagua Tanzania. Upana wa chaneli weka 20 (MHz), usidanganyike na 40 au 80 eti spidi kubwa, chaneli pana inabeba kelele nyingi na kwa matumizi ya nyumbani hauitaji. Halafu kuna sehemu ya umbali, hii watu wanaipita. Mawimbi yanatumia karibu sehemu 7 za milioni za sekunde kufika kilomita 2, na redio baada ya kutuma inasubiri kujibiwa. Ukiacha imejiset ya mita 300 inachoka kusubiri, inadhani ujumbe umepotea, inatuma tena na tena, unaona signo nzuri lakini spidi imekufa. Weka zaidi kidogo ya umbali wako, mimi niliweka 3.

Chaneli nyingine za katikati ya 5GHz zinatumiwa pia na rada, kwahiyo ukizichagua redio inakaa kimya kwanza inasikiliza kama dakika nzima, na nyingine hata dakika 10, kabla haijaanza kurusha. Usidhani imekufa ukairiseti. Mimi ilinitokea.

Ukimaliza punguza nguvu mpaka chini kabisa, ziweke pembe mbili za chumba, usizielekezane uso, uone kama zinashikana na intaneti inapita. Kama mezani haipiti na juu ya bati haitapita.

Hatua ya nne: waya na nguzo

Kukrimpi, yaani kufunga vichwa vya waya, ni mpangilio mmoja pande zote: nyeupe chungwa, chungwa, nyeupe kijani, bluu, nyeupe bluu, kijani, nyeupe kahawia, kahawia. Umeme unapita kwenye bluu na kahawia, kwahiyo hizo jozi mbili zikilegea redio haiwaki kabisa, na chungwa au kijani ikilegea redio inawaka lakini data haipiti. Ukijua hilo tu unatambua kosa bila kifaa cha kupimia.

Nguzo tafuta bomba la GI inchi moja na nusu au mbili, mita 6, na umpe fundi wa kuchomelea akutengenezee mabano ya kufunga ukutani sehemu mbili, chini na juu. Usifunge kwenye bati wala kwenye fishabodi, upepo unaicheza cheza na antena ikigeuka nyuzi chache tu signo imeondoka. Ikizidi mita 3 juu ya bano la mwisho weka waya za kuvuta tatu, zigawane duara sawa.

Kabla ya kuisimamisha, simama chini uangalie nyaya za TANESCO. Jiulize hili bomba likianguka upande wowote litagusa waya? Kama ndio, hama. Sio utani, bomba la chuma mita 6 mikononi mwa watu wawili na waya wa umeme karibu, hapo hakuna intaneti yenye thamani hiyo. Panda asubuhi bati halijapata moto na umande umekauka, vaa raba sio ndala, kanyaga kwenye mistari ya misumari.

Waya ukishuka, kabla haujaingia ndani uache ushuke chini ya tundu halafu upande kuingia, ule mkunjo unafanya maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata waya mpaka kwenye rauta. Funga kwa tai nyeusi, zile nyeupe jua la Dar linazikausha zinakatika katika ndani ya mwaka. Na kwa nyie wa Kigamboni na Mbezi Beach, chumvi ya bahari inakula yu-bolti kama mchwa, tafuta zilizopakwa zinki au za stenlesi.

Hatua ya tano: kulenga

Hapa unahitaji watu wawili na simu zenye chaji. Kwenye ramani soma upande wa kuelekea kwa nyuzi za dira, kisha tumia dira ya simu lakini simama mbali na nguzo. Simu ikikaribia bomba la chuma na bati dira inadanganya hadi aibu. Njia nzuri ni kutafuta kitu kikubwa kinachoonekana kwenye mstari, mnara wa simu, msikiti, tangi la maji, unalenga hicho.

Sisi tulianza hivi:

"Shem, sogeza kidogo kulia."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kwako."

"Nikiwa nimeangalia wapi sasa?"

Tukapoteza nusu saa. Baadae tukakubaliana, hakuna kulia wala kushoto, kuna upande wa msikiti na upande wa Segerea. Ikawa rahisi.

Mmoja anasimama tuli, mwingine anasogeza, hamchezi wote kwa pamoja. Unageuza polepole sana kwa pembeni, kila ukisogeza kidole kimoja unasubiri sekunde tano mwenzio asome namba. Tafuta pale inapoanza kupanda mpaka pale inapoanza kushuka upande wa pili, halafu rudi katikati. Kisha juu na chini hivyo hivyo. Kisha mnabadilishana.

Na hapa ndo ile karatasi yako ya hasi 62 inafanya kazi. Antena ina mwanga mkuu wa mbele na vimwanga vidogo vya pembeni. Ukishika kimwanga cha pembeni namba inapanda, ukisogea huku inashuka, ukisogea kule inashuka, unajipongeza unakaza nati. Sisi tulikaza kwenye hasi 79 tukashuka kunywa soda. Nikatoa ile karatasi, 62 na 79 tofauti ni 17, haiwezi kuwa hewa hiyo. Tukapanda tena, tukafungua nati tukageuza zaidi ya pale tulipoishia, ikashuka mpaka ikapotea kabisa halafu ghafla ikaruka mpaka hasi 64. Bila hesabu tungebaki na netiweki ya kukwama kwama na tungemlaumu muuzaji.

Hatua ya sita: umeme na radi

Redio moja inakula kama wati 8. Betri ya volti 12 yenye 7Ah ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, inakupa masaa manne mpaka matano hivi. Rahisi zaidi ni zile UPS ndogo za rauta, zipo zenye tundu la kupeleka umeme kwenye waya wa netiweki kabisa, ila angalia kile kiswichi pembeni kiko 24 au 15, kikiwa 15 redio ya 24 inaweza isiwake au iwe inajizima. Na lazima pande zote mbili ziwe na UPS. Ukiwa na UPS kwako tu, umeme wa dada ukikata bado hakuna kitu.

Siku moja link ikafa, nikachukua bodaboda usiku na laptopu na krimpa mpaka Bonyokwa, nafika getini giza. Dada anatoka na tochi ya simu, "LUKU imeisha mdogo wangu, nilikuwa nasubiri shemejio arudi." Toka hapo swali la kwanza nikipigiwa ni hilo.

Radi: nguzo iungwe na waya mnene wa shaba mpaka kwenye ethi rodi iliyopigiliwa chini, na weka kikingio cha radi cha waya wa netiweki pale waya unapoingia ndani, nacho kiungwe kwenye ethi hiyo hiyo. Hiyo inasaidia dhidi ya radi ya jirani, ikikupiga yenyewe hakuna kifaa kinachopona. Kwahiyo wingu la masika au vuli likianza kunguruma, chomoa waya wa redio kwenye rauta na umeme wake ukutani. Ila chomoa kabla haijafika, sio iko juu ya kichwa.

Hatua ya saba: upande wa pili

Kwa dada waya unatoka kwenye kibox unaingia kwenye rauta yake ya kugawia waifai ndani. Kosa la watu wote ni hapa. Ile rauta yake inagawa anwani na ya kwako inagawa anwani, simu zinachanganyikiwa, leo inashika kesho haishiki. Ingia kwenye rauta yake, zima DHCP (ndo hiyo kazi ya kugawa anwani), ipe ile 192.168.1.4, na waya uchomeke kwenye tundu la njano la kawaida sio lile la bluu la intaneti. Rangi zinatofautiana, ninachomaanisha ni tundu la LAN.

Kupima usitumie tovuti ya spidi kwanza maana hiyo inapima na mtoa huduma wako pia. Weka iperf3, programu ya kupima spidi kati ya kompyuta mbili, kwenye laptopu mbili, moja huku moja kule. Mimi chaneli ya 20 inaandika 130 (Mbps) kwenye skrini, spidi ya kweli inakuja kama 50 hivi, ni kawaida, ile namba ya skrini ni ya hewani na nusu inaliwa na mazungumzo yao wenyewe. Kifurushi changu ni 20 kwahiyo hakuna anayelalamika. Halafu acha ping, ile amri ya kompyuta ya kubisha hodi na kusubiri jibu, kwenda 192.168.1.3 usiku kucha uone inapotea mara ngapi.

Kuhusu sheria, familia kutumia intaneti moja ni jambo moja, kuanza kuwauzia majirani ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetoa huduma, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hawana mchezo. Soma pia mkataba wa mtoa huduma wako kama unaruhusu. Kwa upande wa masafa na vifaa vilivyoidhinishwa, kawaulize TCRA wenyewe, wako Mawasiliano Towers pale Sam Nujoma, ukishuka kituo cha Mawasiliano unatembea.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ndogo. Kila Februari kabla ya masika panda ukaze nati, paka rangi pale bomba lilipoanza kutu, badilisha tai zilizochoka, na uangalie ile namba bado iko pale pale. Yangu mwaka huu imeshuka mpaka hasi 67. Nimepanda na kioo, mwembe wa bibi umerefuka.